Pampu Isiguswe Kabla Hewa Haijapimwa

Ipo desturi moja ya ufundi ambayo imeota mizizi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na mtaa wa Remera hapa Kigali haukusalimika nayo. Gari la zamani, lenye injini inayolishwa mafuta kwa pampu ya chuma isiyojua umeme wala kompyuta, likianza kuchoka mlimani, mtu wa kwanza kulaumiwa ni pampu. Fundi hushika bisibisi, huvunja lakiri ya kiwanda, huzungusha skrubu ya mafuta nusu mzunguko, kisha humwambia mwenye gari alijaribu. Gari hutoa moshi mweusi, hunguruma kwa sauti nene zaidi, na dereva hurejea akiwa ameridhika, kwani mngurumo ule umemdanganya kuwa nguvu imeongezeka.

Jambo hili lawahusu askari kuliko raia wa kawaida, na kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Remera ndiko ilikojengwa sifa ya kituo cha Polisi ya Taifa ya Rwanda cha kukagua magari, na askari anayesimama nyuma ya bomba la moshi na kifaa chake cha kupimia ndiye anayekutana na matokeo ya bisibisi ile. Mwaka 2025 Rwanda ilianza mpango mpya wa kupima moshi wa magari, na kazi ya mkaguzi ikaongezeka uzito. Sababu ya pili ni kwamba dereva wa jeshi halichagui gari lake wala njia yake. Hupewa gari, hupewa amri, na huenda akapelekwa mahali ambapo hewa yenyewe si ile aliyoizoea. Kwa ajili hiyo yafaa tulichambue suala hili kwa makini, bila ya ushabiki wa mafundi wala woga wa wasiojua.

Tuanze na hewa, kwa sababu ndiyo isahauliwayo. Remera iko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Chukua injini ya lita 1.6, kama ile ya Peugeot 404, inayozunguka mara 4,000 kwa dakika. Kwa kuwa kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, injini hiyo, lau silinda zake zingejaa kikamilifu, ingemeza lita zipatazo 3,200 za hewa kila dakika. Kule Mombasa au Dar es Salaam lita hizo zina uzito wa karibu kilo 4. Hapa Remera lita ni zile zile, lakini uzito wake ni kilo 3.3 hivi. Injini haikosi pumzi kwa sababu ya ugonjwa. Inavuta kadiri ile ile iliyokuwa ikivuta, ila kinachoingia ni chepesi.

Sasa, petroli huungua vizuri pale kilo moja ya mafuta inapokutana na karibu kilo 15 za hewa. Pampu iliyorekebishwa pwani ikiletwa Remera bila ya kuguswa, itaendelea kutoa mafuta yale yale, na kilo moja ya petroli itakutana na hewa isiyofika kilo 13. Mafuta yamezidi. Plagi hufanya masizi, petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda na kushuka hadi katika sampu, na injini huzeeka kabla ya siku zake. Kwa hiyo fundi anayeongeza mafuta mahali hapa anamlisha aliyekwisha kuvimbiwa. Kinachotakiwa katika mwinuko ni kupunguza mafuta, wala si kuyaongeza. Na hilo ndilo watu wengi hukataa kulisadiki mpaka waonyeshwe kwa kipimo.

Yafaa tueleze pampu yenyewe inavyofanya kazi, maana heshima huja baada ya maarifa. Katika injini za petroli za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, makampuni machache ya Ulaya yaliacha kabureta katika baadhi ya magari yao na kutumia pampu za Kugelfischer au Bosch. Pampu hiyo ina pistoni ndogo kwa kila silinda, ikisukuma mafuta kwa zamu katika bomba jembamba hadi kwenye nozeli. Kiasi cha mafuta hupangwa na kipande cha chuma chenye umbo la pia, kilichochongwa kwa ustadi mkubwa, ambacho hufuata mambo mawili tu: jinsi dereva alivyofungua mlango wa hewa kwa mguu wake, na kasi ya mzunguko wa injini. Katika mabonde na vilima vya chuma kile ndimo mhandisi alimoandika mawazo yake yote. Kompyuta ya wakati wake, tukipenda kuiita hivyo, ilikuwa kipande cha chuma kinachoweza kushikwa mkononi.

Lakini tazama kasoro yake. Chuma kile hakipimi hewa. Kinakisia tu kwamba mlango ukiwa wazi kiasi hiki na mzunguko ukiwa kiasi hiki, basi hewa iliyoingia itakuwa kiasi fulani. Kukisia huko ni kweli katika mwinuko ule pampu ilikopangiwa. Baadhi ya watengenezaji walilitambua tatizo wakaongeza dawa yake: pampu za Bosch katika Mercedes-Benz kama 230 SL, na zile za Porsche 911 za miaka hiyo, zilipewa kikopo kidogo cha bati laini kilichotolewa hewa ndani na kuzibwa. Gari likipanda mlima, shinikizo la nje hupungua, kikopo huvimba kidogo, nacho husukuma ufito unaopunguza mafuta. Ni kitu kidogo sana, na ndicho cha kwanza kuharibika au kutupwa na fundi asiyejua kazi yake. Mwenye gari la aina hiyo akiona mafuta yanazidi Remera, kabla ya kitu kingine chochote katika pampu, amwambie fundi akitazame kikopo hicho kama kingali hai.

Wapo wasemao kwamba mitambo hii ni ya makumbusho, haikuumbwa kwa barabara zetu. Historia inawakanusha. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliwachukua madereva katika vumbi, matope, joto la pwani na baridi ya nyanda za juu za Kenya zenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500. Mwaka 1966 na tena mwaka 1967 Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell, alishinda kwa Peugeot 404 yenye pampu ya sindano. Mwaka 1968 Nick Nowicki na Paddy Cliff wakashinda kwa gari la namna hiyo hiyo, katika mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Pampu ambayo ingekuwa mbovu kwa asili yake isingefika popote katika njia zile. Hata leo, mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya magari ya zamani, yamedhihirisha kwamba chuma cha kale kikitunzwa hakidharauliki. Mwaka 2011 Björn Waldegård aliyashinda akiwa katika Porsche 911.

Turudi katika magari ya kazi, kwa sababu askari wengi hawataendesha Porsche. Gari wanalolijua ni Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, iliyoingia kazini mwaka 1990 na ambayo ingali ikiaminiwa katika majeshi na mashirika mengi ya Afrika. Nayo hulishwa na pampu ya chuma, na baadhi ya pampu zake zimewekewa kifaa cha kurekebisha mwinuko kinachofanya kazi kama kikopo tulichokieleza. Dizeli ina tabia yake. Injini hii huvuta hewa yote inayoweza kuvutwa, kisha mafuta hupimwa kulingana na kazi. Hewa ikitosha, moshi hauonekani. Mafuta yakiipita hewa, moshi mweusi hutoka. Moshi huo ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha za umma ikatupwa angani bila ya kusukuma gurudumu hata hatua moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaofikiri kwamba mkaguzi akiona moshi mweusi amekwisha kuona kosa la pampu. Mara nyingi kosa liko upande wa pili, katika njia ya hewa. Chujio lililoziba kwa vumbi jekundu huleta moshi ule ule unaoletwa na skrubu iliyozungushwa. Bomba la hewa lililobonyea, au mpira uliolainika kwa joto na kujikunja ndani wakati injini inapovuta kwa nguvu, huleta moshi ule ule. Dereva akisema, "Afande, gari ni zima, ni mlima tu," huenda asiwe mwongo, lakini pia asisamehewe upesi. Afungue boneti, chujio litolewe, litazamwe. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Mwinuko wa Kigali haukuanza jana, na gari lililotunzwa hupanda Kigali bila ya kuifunika barabara kwa wingu jeusi.

Kuna mabadiliko ya njia ya hewa ambayo vijana huyapenda sana, nayo yanastahili kusemwa waziwazi. La kwanza ni kutoboa matundu katika sanduku la chujio ili, kama wasemavyo, injini ipumue. Injini hupumua kweli, lakini hupumua hewa ya chini ya boneti, iliyochemshwa na rejeta na bomba la moshi. Hewa ya nyuzi joto 60 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 25 kwa karibu asilimia 10. Basi mtu aliyekwisha kupoteza asilimia 15 kwa mwinuko anajitafutia hasara nyingine kwa msumari na nyundo, halafu anashangaa. Mhandisi wa kiwanda hakuupeleka mdomo wa bomba la hewa nje, penye ubaridi, kwa kupenda urembo.

La pili ni kuondoa chujio kabisa. Katika barabara ya lami jambo hilo ni upumbavu. Katika barabara ya udongo ni mauaji ya injini. Vumbi letu lina chembe za mchanga ambazo, zikichanganyika na oili, husaga pete za pistoni na kuta za silinda kama tupa. Injini ya aina hiyo huanza kunywa oili, kisha moshi wa buluu hujiunga na ule mweusi. La tatu, ambalo halina ubaya likifanywa kwa akili, ni bomba refu linalopandishwa ubavuni mwa kioo hadi usawa wa paa. Wengi hulitaka kwa sura yake ya kijeshi. Faida yake ni ya kweli: huko juu vumbi hupungua, na gari likivuka mto maji hayaingii katika silinda, ambamo hayabanwi kama hewa bali hupinda mikono ya pistoni. Lakini viungo vyake vikifungwa ovyo, bomba hilo hugeuka mlango mpya wa vumbi na maji, nalo huwa hatari zaidi kwa kuwa dereva amekwisha kuliamini.

Mabomba yanayotoka kwenye mlango wa hewa kwenda kwenye silinda nayo yana hesabu yake. Wapo wanaoyakata yawe mafupi kwa kuiga magari ya mashindano. Mabomba mafupi hufaa injini inayozunguka kwa kasi kubwa sana. Marefu husaidia injini kuvuta vizuri katika mzunguko wa chini. Gari linalopanda kutoka Nyabugogo likiwa limepakia watu au mzigo lahitaji mvuto wa chini. Anayeyakata amejinyima kile anachokihitaji kila siku ili apate kile ambacho hatakitumia hata mara moja.

Je, basi tusibadilishe kitu? La. Sisemi kwamba pampu ni kitu kitakatifu. Gari la petroli linalokaa na kufanya kazi Remera lina haki ya kurekebishwa kwa hewa ya Remera, nalo litakwenda vizuri zaidi na kunywa kidogo. Ninachokidai ni utaratibu. Kwanza chujio, mipira na viungo vya njia ya hewa. Kisha nafasi za valvu, mbano wa silinda, plagi na wakati wa cheche, ambao katika hewa nyepesi huweza kusogezwa mbele kidogo. Kisha fito zinazounganisha mguu wa dereva, mlango wa hewa na pampu, kwa kuwa ufito ukilegea kwa upana wa ukucha tu, pampu na mlango hupoteza mapatano yao. Na katika injini zenye mlango wa hewa kwa kila silinda, milango yote ifunguke pamoja. Baada ya hayo yote, na kwa kifaa cha kupima moshi wala si kwa pua, ndipo mafuta yapunguzwe. Katika magari mengi kazi haitafika hatua hii ya mwisho, kwani ugonjwa utakuwa umekwisha kupatikana njiani.

Wengine huona njia ya mkato: kuitoa pampu na kufunga kabureta, au kufunga mtambo wa umeme wenye kompyuta. Kabureta haikwepi mwinuko. Nayo huzidisha mafuta mlimani mpaka vijitundu vyake vya kupimia vibadilishwe. Mtambo wa umeme ni mzuri, hilo halina ubishi, kwani wenyewe hupima hewa kila wakati. Lakini gari la kale lililovuliwa pampu yake limepoteza nusu ya thamani yake kwa watunzao magari ya kale, na gari la kazi lililofungwa waya na vifaa vya mitaani litamwacha dereva porini siku ambayo kifaa cha shilingi chache kitaingia maji. Kila mtu achague akijua.

Jambo lililo zito kuliko yote, na ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha, ni safari ya kuteremka. Ndani ya Rwanda yenyewe dereva aweza kutoka Bugarama, penye mwinuko wa karibu mita 1,000, akafika Kinigi chini ya milima ya volkeno, penye zaidi ya mita 2,000. Tangu Julai 2021 wanajeshi na polisi wa Rwanda wametumikia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Palma na Mocímboa da Praia ziko ukingoni mwa bahari. Mtu aliyelipunguzia mafuta gari la petroli Remera, akiliteremsha hadi usawa wa bahari bila ya kulirudisha, atakuta kilo moja ya petroli imekutana na zaidi ya kilo 17 za hewa. Sasa mafuta yamepungua mno. Injini huchemka na kugonga, na chini ya mzigo mzito valvu huungua na kichwa cha pistoni huweza kutoboka. Ule wakati wa cheche uliosogezwa mbele nao huongeza mgongano. Gari halitaonya kwa moshi, kwa sababu halina moshi. Litakwenda vyema kwa saa kadhaa, kisha litakufa, na huenda likafa mahali ambapo kusimama ni hatari kwa watu waliomo.

Kwa dizeli hatari ni ya namna nyingine. Fundi akiongeza mafuta Remera, sehemu ya mafuta hayo hutoka ikiwa moshi kwa kukosa hewa. Likifika pwani, hewa inatosha, mafuta yote huungua, na injini hutoa joto na shinikizo kubwa kuliko lile ilikoundwa kulistahimili. Dereva hufurahia nguvu asiyoijua, mpaka gasketi ya silinda hedi inapokatika.

Dawa yake si ghali. Kila gari la aina hii liwe na ukurasa katika daftari lake la safari ambamo fundi ataandika tarehe, mahali, mwinuko, skrubu au ufito alioufikia, na mizunguko aliyouzungusha, kwa robo na nusu. Kisha pampu ifungwe lakiri mpya na fundi atie sahihi. Askari wamezoea kuandika silaha inapotoka ghalani na inaporudi, na idadi ya risasi. Kuandika mizunguko ya skrubu hakuwashindi. Mkaguzi wa Remera akikuta lakiri imevunjwa na daftari halina neno, awe na haki ya kulirudisha gari hata kama siku hiyo moshi wake unapita, maana hajui, wala mwenye gari hajui, pampu ile imepangiwa nchi gani. Na mkuu wa msafara unaoteremka kwenda Rusumo na kuendelea hadi Dar es Salaam autake ukurasa huo kabla ya kutoa amri ya kuwasha injini, akiwa bado yu Kigali, ambako fundi, kifaa cha kupimia na wakati wa kuirudisha skrubu mahali pake vingali vinapatikana.